Uvimbe wa kifuko kichwani: uuache, utumbuliwe, utolewe kwa tundu dogo, au ukatwe wote?

Mara nyingi anayeugundua si mwenyewe. Ni kinyozi anayesimamisha mashine ghafla na kuuliza, "Hapa ulijigonga?" Au ni msusi ambaye kitana chake kinaruka kila kikifika sehemu ileile. Unapeleka kidole unakuta kitu cha mviringo, kigumu kama gololi iliyofunikwa na ngozi. Hakiumi, na ukikisukuma kinateleza kidogo. Kuanzia siku hiyo mkono hauishi kwenda kichwani.

Unakwenda hospitali. Daktari anaubonyeza, anauliza maswali mawili matatu, anasema: "Si kitu kibaya. Ukitaka, tutautoa." Hilo neno "ukitaka" ndilo linalomrudisha mtu nyumbani na mawazo. Ungekuwa ugonjwa wa hatari, ungeambiwa cha kufanya. Sasa uamuzi umeachiwa wewe, na njia ziko zaidi ya moja. Hapa nazipanga nne, nikizipima kwa vigezo vilevile, ili ukirudi kwa daktari uwe na maswali ya maana.

Kwanza, ni kitu gani hicho?

Uvimbe mwingi wa aina hii kichwani huanzia kwenye kinyweleo, yaani kile kijishimo ambamo unywele umeota. Seli za ukuta wake hujikunja ndani ya ngozi na kuunda kifuko kilichozibwa pande zote, kisha huendelea na kazi yao ya kila siku ya kutengeneza keratini, ileile inayojenga kucha na nywele. Keratini hiyo haina pa kutokea, basi inajazana. Ukiupasua, utakuta uji mzito mweupe au wa manjano. Wengi huuita "uvimbe wa mafuta", na hata matabibu wa zamani waliudhania kuwa wa tezi za mafuta, lakini si mafuta. Uvimbe wa mafuta wa kweli, lipoma, ni laini zaidi chini ya kidole na hauna kifuko cha keratini.

Takribani tisa katika kila kumi vya vifuko hivi huota kichwani. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, hasa watu wa makamo, na mara nyingi hutembea katika ukoo: mzazi mmoja akiwa navyo, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kurithi. Ndiyo maana si ajabu mtu mmoja kuwa na vinundu vitatu au vinne, na mama yake navyo hivyo hivyo. Si uchafu wa nywele, si mafuta unayopaka, wala si kusuka.

Kuna ndugu yake wa karibu, aina inayoota zaidi usoni, shingoni na mgongoni, ambayo mara nyingi ina kitone cheusi katikati. Ile ukuta wake ni mwembamba na hupasuka upesi. Wa kichwani kwa kawaida hauna kitone, na ukuta wake ni mnene na mgumu. Kumbuka jambo hili, maana ndilo linalofanya upasuaji wa kichwani kuwa mwepesi kuliko watu wanavyodhani.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba kifuko ndicho kiwanda, na uji ulio ndani ni bidhaa tu. Ukimwaga bidhaa na kukiacha kiwanda, kazi itaendelea. Karibu kila tofauti kati ya njia hizi nne inarudi kwenye swali hilo: kifuko kinabaki au kinatoka?

Vigezo tutakavyotumia

Cha kwanza nimeshakitaja, yaani kifuko na uwezekano wa uvimbe kurudi. Cha pili ni nywele na kovu. Cha tatu ni usumbufu: sindano, muda, nyuzi na siku za kupona. Cha nne ni mambo yanayoweza kwenda vibaya. Cha tano husahauliwa mno, nacho ni uhakika: je, kuna kitu kitakachopelekwa maabara kuthibitisha kwamba uvimbe ulikuwa kile kilichodhaniwa?

Kabla ya kuendelea, wapo ambao ulinganisho huu hauwahusu. Mtoto mwenye uvimbe tangu kuzaliwa au utotoni, hasa ulio katikati ya kichwa au karibu na nyusi, asiguswe kabla ya kupigwa picha, kwa sababu baadhi ya uvimbe wa namna hiyo una njia inayopenya mfupa hadi ndani ya fuvu. Uvimbe unaokua haraka kwa wiki chache, unaotoa damu, uliochimbika kidonda juu yake, au ulioganda kwenye mfupa usisogee kabisa, nao unahitaji uchunguzi kwanza. Vivyo hivyo kwa mtu aliyewahi kuugua saratani mahali pengine mwilini kisha akaona kinundu kipya kichwani. Na kinundu nyuma ya sikio au kisogoni kilichojitokeza pamoja na mba mkali au vidonda vya kichwa huenda ni tezi tu iliyovimba, ambayo hupungua vidonda vikitibiwa.

Njia ya kwanza: kuuacha na kuuangalia

*Kifuko.* Kinabaki. Vifuko hivi kwa kawaida havipotei vyenyewe. Hukua polepole kwa miaka, na vingine hufika ukubwa fulani vikatulia hapo. Kugeuka saratani ni nadra mno, kiasi kwamba hofu hiyo peke yake si sababu ya kukimbilia kisu.

*Nywele na kovu.* Hakuna kovu, bila shaka. Ila uvimbe ukiwa mkubwa hukandamiza vinyweleo vilivyo juu yake, ngozi ikanyooka na kung'aa, nywele zikapungua. Wapo wanaouacha kwa kuogopa kovu lisilo na nywele, na mwishowe uvimbe wenyewe unawaletea upara mdogo palepale.

*Usumbufu.* Unategemea ulipo. Ulio utosini unaweza kusahauliwa mwaka mzima. Ulio kisogoni unakutana na mto kila usiku. Anayevaa kofia ngumu kazini, anayesuka mara kwa mara au anayenyoa kwa wembe atakumbushwa kila siku.

*Hatari.* Hapa ndipo kwenye gharama ya kweli ya kusubiri. Kifuko kikigongwa, kikikwaruzwa au kikiminywa, kinaweza kupasuka kwa ndani. Mwili huiona keratini iliyomwagika kama kitu kigeni na kuishambulia: panakuwa pekundu, panauma, panavimba kama jipu. Baada ya vurugu hiyo kupoa, kifuko hubaki kimeshikamana na nyama za jirani kwa makovu, na kukitoa baadaye kunakuwa kazi ngumu yenye mkato mrefu zaidi. Kwa maneno mengine, anayesubiri anakubali kwamba huenda siku ya matibabu ikachaguliwa na uvimbe, si yeye.

*Uhakika.* Ni wa vidole na macho ya daktari tu. Kwa uvimbe wa kawaida uliokaa miaka bila kubadilika, hayo kwa kawaida yanatosha.

*Inamfaa nani?* Mwenye kinundu kidogo, kilichotulia, kisichomsumbua. Pia mtu mwenye ugonjwa mwingine mzito unaohitaji nguvu zake kwanza, na mjamzito ambaye anaweza kungoja hadi ajifungue. Ukichagua njia hii, upige picha ukiwa na rula pembeni, na urudie baada ya miezi sita. Vidole vina tabia ya kukuza mambo, hasa usiku.

Njia ya pili: kuutumbua na kukamua

Niseme wazi kwamba naiona hii kama huduma ya dharura kuliko mpinzani wa nyingine tatu. Ila naiweka hapa kwa sababu ndiyo inayowapata watu wengi bila kuichagua, na ndiyo inayoleta manung'uniko mengi zaidi.

*Kifuko.* Kinabaki, chote au sehemu. Daktari anachana sehemu ndogo juu ya uvimbe uliowaka, anatoa usaha na keratini, anasafisha, anaacha pakiwa wazi ili pajifunge kuanzia chini. Nafuu huja upesi, pengine siku ileile, na hapo ndipo mtego ulipo. Jamaa yangu mmoja alitumbuliwa uvimbe uleule mara tatu, na kila mara alirudi nyumbani akiamini umekwisha. Hakuna aliyemdanganya. Hakuna tu aliyemwambia kwamba kifuko bado kimo.

*Nywele na kovu.* Mkato ni mfupi, lakini kidonda kilichoachwa wazi hupona kwa kovu pana kuliko kilichoshonwa, na penye kovu nywele hazioti.

*Usumbufu.* Sindano ya ganzi haifanyi kazi vizuri kwenye nyama iliyowaka, kwa sababu tindikali iliyomo humo huidhoofisha dawa. Tegemea kuhisi zaidi ya ambavyo ungehisi uvimbe ukiwa umetulia. Baada ya hapo ni kubadilisha bandeji kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki.

*Hatari.* Kurudi. Na makovu ya ndani yanayofanya upasuaji wa baadaye uwe mgumu. Kuhusu antibiotiki, wekundu wa uvimbe uliopasuka ndani mara nyingi unatokana na mwili kupambana na keratini, si bakteria, na ndiyo maana vidonge peke yake havimalizi tatizo. Huhitajika zaidi wekundu unapotambaa kwenye ngozi ya pembeni, homa inapopanda, au kinga ya mwili inapokuwa dhaifu.

*Uhakika.* Mdogo. Usaha unaweza kuoteshwa maabara kutafuta bakteria, lakini hausemi uvimbe ulikuwa wa aina gani.

*Inamfaa nani?* Mwenye uvimbe unaouma, uliojaa, uliolainika katikati, ambaye hawezi kulala. Kwake njia nyingine zote zinaweza kusubiri. Ila aondoke akijua kuwa kuna hatua ya pili: kurudi baada ya wekundu wote kwisha, kwa kawaida wiki 4 hadi 6 au zaidi, ili kifuko kitolewe. Na sindano ya kushonea, wembe au kucha nyumbani si toleo la bei nafuu la njia hii. Ni namna ya kuupasua uvimbe kwa ndani na kuuingizia bakteria kwa mkono wako mwenyewe.

Njia ya tatu: tundu dogo

Daktari anatia ganzi, anafungua tundu la milimita 2 hadi 4 juu ya uvimbe kwa ncha ya kisu au kwa kikatio cha mviringo, kile chenye mdomo kama bomba dogo lenye makali. Anakamua yaliyomo mpaka kifuko kinywee, kisha anakishika kwa koleo ndogo na kukivuta nje taratibu kupitia tundu lilelile, kama soksi inayotolewa kwenye kiatu. (Yaliyomo hutoka kwa kishindo wakati mwingine, na yana harufu. Ukiona daktari amevaa miwani na kufunika tundu kwa shashi, si madoido.)

*Kifuko.* Kinakusudiwa kutoka chote, na tofauti na njia ya pili ni hiyo hasa. Lakini kinatoka bila kuonekana vizuri. Ukuta mnene wa uvimbe wa kichwani unasaidia, maana haukatiki ovyo unapovutwa. Kwa upande mwingine, keratini ya kichwani ni ngumu na nzito kuliko ya uvimbe wa usoni, hivyo haikubali kupita kwenye tundu jembamba kirahisi. Ndiyo maana madaktari hawakubaliani: wengine huipenda njia hii kwa kichwa, wengine husema ikiwa ngozi ya kichwani itafunikwa na nywele hata hivyo, kwa nini uhangaike na tundu? Kipande cha ukuta kikibaki, uvimbe unaweza kurudi.

*Nywele na kovu.* Hapa ndipo inaposhinda. Kovu ni kitone, uzi ni mmoja au hakuna kabisa, na nywele hazihitaji kupunguzwa kwa kiasi cha kuonekana.

*Usumbufu.* Muda ni mfupi na kupona ni haraka. Unaweza kuhisi kusukumwa na kuvutwa, maana kukamua kunahitaji nguvu. Maumivu makali hupaswi kuyahisi; ukiyahisi, sema, ganzi inaongezwa.

*Hatari.* Mbali na kurudi, kuna damu kujikusanya chini ya ngozi pale kifuko kilipokuwa, kwa kuwa shimo linabaki tupu na mshipa unaovuja hauonekani kupitia tundu. Kukandamiza kwa dakika kadhaa huzuia hilo mara nyingi. Na daktari mwenye busara atakuambia mapema kwamba kifuko kikigoma, ataurefusha mkato palepale. Ukubali hilo kabla hujalala kitandani.

*Uhakika.* Wa wastani. Ukuta unaweza kupelekwa maabara, ila huenda ukafika vipande vipande.

*Inamfaa nani?* Mwenye uvimbe mdogo au wa wastani ambao haujawahi kuwaka wala kutumbuliwa, hasa ukiwa mahali pa kuonekana: mstari wa nywele juu ya paji la uso, kwenye panja (pembeni mwa paji), au kichwa kinachonyolewa kipara. Haimfai aliyekwisha tumbuliwa, kwani kifuko kilichonaswa na makovu hakivutiki.

Njia ya nne: kukata na kutoa kifuko kizima

Hii ndiyo njia ya kawaida kwa kichwa, na kwa kuwa ndiyo inayoogopwa zaidi, nitakaa nayo kidogo.

Huhitaji kunyolewa kichwa. Nywele zinagawanywa na kubanwa pembeni kwa utepe, au zinapunguzwa kwa mkasi sehemu ndogo tu. Kunyoa kwa wembe hakupendekezwi, kwa sababu kunaacha michubuko inayokaribisha bakteria. Kisha inakuja sindano ya ganzi, lidokaini ikichanganywa na adrenalini. Hiyo ndiyo sehemu inayouma: sekunde kadhaa za kuchoma na kuungua. Ganzi yenyewe hushika ndani ya dakika chache, ila adrenalini inataka muda zaidi kubana mishipa ya damu, hivyo daktari anayetoka chumbani dakika kumi hajakusahau.

Kwa uvimbe mdogo anachana mstari mmoja ulionyooka. Kwa mkubwa anakata umbo la jicho, ili aondoe na ngozi ya ziada iliyonyooka, isije ikabaki imelegea kama mfuko mtupu. Kisha anapenyeza mkasi butu kati ya kifuko na nyama, anauzungusha pande zote, na hapa ndipo ule ukuta mnene unapolipa: kifuko cha kichwani kikiwa hakijawahi kuwaka, hujichomoa kizima, cheupe, laini, kama gololi. Madaktari wengi hawafichi kwamba ni kazi wanayoifurahia.

Ngozi ya kichwa ina tabaka tano hadi kufika kwenye mfupa, na kifuko kinakaa kwenye zile za juu, juu ya utando mgumu unaofunika fuvu. Kwa hiyo hapana, kisu hakiko karibu na ubongo, na katika kazi ya kawaida mfupa hauguswi kabisa.

*Kifuko.* Kinatoka chote, na mbele ya macho. Uvimbe uleule kurudi ni nadra. Wengi wanaosema "umerudi" wameota mwingine jirani, jambo la kutegemea katika ukoo wenye vifuko hivi.

*Nywele na kovu.* Kovu ni mstari, urefu wake ukikaribia upana wa uvimbe au pungufu. Kwenye mstari huo nywele hazioti, lakini nywele za pembeni hulala juu yake. Mkono wa daktari una maana hapa: akikata kwa kufuata mlalo wa nywele anaokoa vinyweleo, na akichoma mishipa kwa umeme kupita kiasi anaviua. Baada ya wiki chache nywele za karibu na kidonda zinaweza kupukutika. Hilo hutisha, lakini kwa kawaida ni mshtuko wa muda na huota tena. Kuhusu makovu yanayovimba, yaani keloidi, yanawapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, ila sehemu yenye nywele si kipenzi chake. Maeneo ya kuangalia ni masikio, shingo ya nyuma na kifua. Kama umewahi kuota keloidi mahali popote, mwambie daktari kabla, hasa uvimbe wako ukiwa karibu na kisogo cha chini.

*Usumbufu.* Uvimbe mmoja huchukua kama nusu saa, na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ganzi ikiisha, kichwa huvuta na kugongagonga kwa siku moja au mbili. Parasetamoli hutosha kwa wengi. Unalala na mto wa ziada. Kuosha nywele kwa kawaida huruhusiwa baada ya siku moja au mbili, kwa maji yanayotiririka na bila kusugua. Nyuzi au pini za chuma hutolewa kati ya siku ya 7 na ya 14. Kusuka kwa kuvuta, rangi na dawa za nywele vingoje kidonda kifunge sawasawa.

*Hatari.* Damu ndiyo inayowashtua watu. Mishipa ya kichwani imeshikiliwa na nyama ngumu inayoizuia kujikunja na kujifunga, kwa hiyo hata mkato mdogo unatoa damu nyingi. Habari njema ni kwamba chini yake kuna mfupa, na kukandamiza kitambaa safi bila kuchungulia kwa dakika kumi au kumi na tano huizima mara nyingi. Damu hiyohiyo nyingi ndiyo sababu kichwa hupona haraka na huoza mara chache. Nyingine ni damu kuganda chini ya mshono, maambukizi, na ganzi ndogo ya ngozi juu ya kidonda ambayo hupungua kwa miezi. Ukikatwa karibu na paji la uso, usishangae kope kuvimba au kuvilia siku ya pili. Damu na maji hushuka. Pembeni mwa paji, kwenye panja, hupita mshipa wa fahamu unaoinua nyusi, kwa hiyo hapo pasiguswe na mkono usio na uzoefu.

*Uhakika.* Mkubwa kuliko zote. Kifuko kizima kinafika maabara. Mara chache sana, hasa kwa wanawake wazee wenye uvimbe mkubwa wa muda mrefu, maabara hukuta seli zinazozaliana kuliko kawaida na kupendekeza kukata zaidi. Ndiyo maana nisingekubali uvimbe wangu utupwe kwenye ndoo bila kupimwa, hata kama umetoka mzuri namna gani.

*Inamfaa nani?* Mwenye uvimbe mkubwa, uliowahi kuwaka au kutumbuliwa ila sasa umetulia, uliorudi baada ya njia ya tundu, au wenye sura isiyoeleweka. Pia mtu asiyetaka kurudi tena kwa kitu kilekile na asiyejali mstari mdogo chini ya nywele.

Ganzi ya pale pale au usingizi?

Kwa karibu kila mtu mzima, ganzi ya pale pale inatosha. Usingizi kamili unaongeza hatari zake, kufunga kula na mtu wa kukusindikiza. Huletwa kwa watoto, kwa wenye hofu isiyotulizika, au uvimbe ukiwa mkubwa mno au mwingi. Ganzi ina kikomo: lidokaini yenye adrenalini kwa kawaida haizidishwi miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Ndiyo maana mwenye vinundu vinane huenda akaambiwa vitatolewa kwa awamu.

Kwa hali yako

Kama uvimbe ni mdogo, haujabadilika kwa miaka, na unaufikiria tu unapochana nywele, hakuna ubaya kuuacha. Uamuzi huo unaweza kuubadilisha mwaka wowote, maadamu uvimbe bado umetulia.

Kama unakua, au upo pale panapogongwa na kukwaruzwa kila siku, upande wangu uko wazi: utolewe sasa, kabla haujawaka. Kati ya tundu na mkato, uamuzi unategemea mahali. Penye nywele nyingi, mkato hauna shida, maana nywele zitaufunika. Kwenye paji au kipara, uliza kama daktari huyo ana mazoea ya tundu dogo. Njia anayoifanya kila wiki mikononi mwake ni salama kuliko ile unayoipenda wewe ambayo ameifanya mara mbili.

Kama leo unauma na umekuwa mwekundu, usidai kutolewa kifuko leo. Tuliza kwanza, utumbuliwe ikibidi, kisha weka miadi ya kurudi kabla hujaondoka, maana maumivu yakiisha na miadi husahaulika.

Kama unatumia aspirini, warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, usiiache mwenyewe ili "damu isitoke nyingi". Kwa upasuaji mdogo kama huu mara nyingi huendelea kutumiwa, na kuiacha kunaweza kuleta kiharusi. Aliyekuandikia ndiye wa kuulizwa. Mwenye kisukari naye ataje sukari yake ilivyo, kwa kuwa ikiwa juu kidonda hukawia.

Kama una uoga wa kisu tu, muulize daktari mambo manne: kifuko kitatoka kizima? Mkato utakuwa wa urefu gani? Kitapelekwa maabara? Na kikigoma kutoka, utafanya nini? Majibu yakija bila kusitasita, hofu hupungua yenyewe.

Na kama unavyo vingi, huna haja ya kuvimaliza vyote. Anza na ule unaolalia. Uone kichwa chako kinavyopona, kovu linavyokaa na nywele zinavyorudi, halafu ndipo uamue kama wa pili unastahili sindano nyingine.